Kwa nini hatukufungulii poti, hata ukiongeza hela

Ombi tunalolipata kuliko yote hapa dukani kwetu Mwanga ni hili: "Fundi, nifungulie poti niwe naona mambo ya dukani nikiwa safarini." Haja yenyewe tunaielewa. Mtu wa Kigoma akipanda treni ya Dar huyo kaondoka kwelikweli, na stoo kaiacha kwa kijana. Lakini poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba yake, hatufungui, na wapo wateja waliotununia kwa hilo.

Ruta ya nyumbani au dukani, ikiwa imewekwa vizuri, inapitisha majibu ya kile ambacho vifaa vya ndani vimekiomba. Anayebisha kutoka nje bila kuitwa anaachwa hapohapo. Kufungua poti ni kuiambia: yeyote atakayebisha kwa namba hii, mpeleke moja kwa moja kwenye rekoda ya kamera za ulinzi, au kwenye kompyuta ya mahesabu. Hilo neno "yeyote" ndilo linalotutoa jasho.

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla Kibirizi alitujia akilalamika kwamba kamera zake zinagandaganda. Stoo ana kompyuta ndogo ya mtumba anayoitumia kama seva: madeni ya wateja, picha za stakabadhi, mizigo iliyotoka. Fundi aliyetangulia alikuwa amemfungulia poti ya rekoda na poti ya seva, akaondoka. Tulipomwambia kwamba hapo kuna hatari alicheka. "Mwanangu, nani huko duniani ananijua mimi wa Kibirizi?"

Hatukubishana. Tulimfungulia kumbukumbu za seva yake mwenyewe, zile zinazoandika kila aliyejaribu kuingia. Mstari juu ya mstari, sekunde chache chache, usiku kucha wakati yeye amelala: jina root limekataliwa, admin limekataliwa, pi limekataliwa, test, ubuntu, oracle. Tukateremsha, tukateremsha, mpaka akasema basi. Kisha akauliza, "Na huyu Oracle ni nani? Mbona ana bidii hivi?"

Oracle si mtu; ni jina tu ambalo programu za wezi zinalijaribu, kama root na admin. Hakuna aliyekuwa anamtafuta mama. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu huria iitwayo ZMap. Kwa kompyuta moja yenye laini ya gigabiti moja, inaweza kubisha poti moja kwenye anwani zote za IPv4 (mfumo wa namba za anwani za intaneti) duniani kwa muda usiofika dakika 45. Hiyo ni programu ya utafiti, lakini wezi nao wana za kwao. Zinabisha kila mlango, na mlango wa Kibirizi ni namba tu kama ule wa London.

Seva ya mama ilikuwa imesimama imara, haikuingiliwa. Rekoda ya kamera ndiyo ilitutia wasiwasi, kwa sababu neno la siri lilikuwa lilelile lililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta kwa wingi mno kwa kujaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi kama 60 hivi. Kamera iliendelea kuonyesha picha huku ikitumika kushambulia mitandao ya watu wengine, na mwenye nayo akishangaa tu bando linakwenda wapi. Kama ya mama ilifikwa na hayo hatuwezi kuapa. Tuliifuta yote, tukaipa neno jipya, tukaihamishia kwenye mtandao wake wa pembeni ambako haioni kompyuta ya madeni wala haitoki nje yenyewe.

Sasa anaionaje akiwa Dar? Kwa njia ya siri, VPN. Tunatumia WireGuard, programu huria ambayo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020 imo ndani ya kiini chenyewe cha Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi. Uzuri wake ni kwamba haina neno la siri la kukisiwa. Simu yako ina ufunguo wake, seva ina wake, na asiye na ufunguo akibisha hajibiwi lolote, hata "hapana" haambiwi. Simu ikiibiwa, tunafuta ufunguo wake mmoja, basi.

Wengi mnatumia intaneti ya laini ya simu, na hapo hata anayekuahidi kufungua poti huenda anakula hela yako bure. Kampuni za simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta, angalia anwani iliyopewa upande wa nje: ikianza na 100.64 mpaka 100.127, hiyo si anwani yako peke yako, na anayebisha kutoka nje hakufikii hata ukifungua poti zote. Kwa mteja wa namna hiyo tunakodi seva ndogo nje, halafu kile kikompyuta cha stoo ndicho kinachoipigia, na kila baada ya sekunde 25 kinatuma kijisalamu ili njia isijifunge. Simu yako nayo inapigia hapohapo, mnakutana katikati.

Gharama za umeme zinawatisha watu kuliko inavyostahili. Kikompyuta kinachokula wati 10 mchana na usiku kinamaliza uniti 7.2 za LUKU kwa siku 30. Kinachotutesa ni umeme unaokatika ghafla seva ikiwa katikati ya kuandika, hasa kwa wanaotumia kadi ndogo ya kumbukumbu badala ya diski. Hatufungi seva bila UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. Na ruta iingie kwenye UPS hiyohiyo. Watu huisahau, kisha wanatupigia kwamba seva imekufa.

Kwa mafaili huwa tunaweka Nextcloud, kwa picha za familia Immich. Zote ni programu huria, kuzipakua ni bure. Kuzitunza si bure: kuna kusasisha, na asiyesasisha ni afadhali aache. Kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za watu Mei 2017, dawa ya tundu kilimopitia Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi. Kwa hiyo mteja asiye na mtu wa kuangalia seva yake walau mara moja kwa mwezi tunamwambia abaki na huduma ya kulipia ya watu wengine. Tunapoteza kazi, lakini tunalala.

Seva ya stoo peke yake pia si nakala ya akiba. Mwizi akibeba kikompyuta, amebeba na madeni yote. Ya mama inajinakili kila usiku kwenda diski iliyoko nyumbani kwake Ujiji na kwenye seva ndogo ya kukodi, ikiwa imefumbwa isisomeke bila neno la siri, kwa restic, programu ya nakala za akiba. Siku ya kumkabidhi tulimwomba achague faili lolote, tukalifuta mbele yake. Alishika kichwa. Tukalirudisha kutoka Ujiji, na ndipo tukapokea malipo. Neno la siri la restic likipotea hakuna fundi wa kukuokoa, sisi tukiwemo, kwa hiyo aliliandika kwenye karatasi na kulifungia pamoja na hati za kiwanja.

Ukija, piga picha ya kibandiko kilicho chini ya ruta uje nayo, na kama una rekoda ya kamera, jina na namba ya toleo lake. Utuambie pia ni fundi gani aliyewahi kuingia humo na kama bado ana neno la siri. Namba ya siri ya pesa za simu usituambie. Hatuihitaji kwa kazi hii.