YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YENU YA KUGEUZA PDF KUNIJAZIA MATANGAZO KWENYE KOMPYUTA

Majengo, Dodoma
21 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepata barua pepe yenu ya tarehe 9 Julai. Niliuliza namna ya kuiondoa programu yenu, mkanijibu kwamba mteja "alikubali masharti wakati wa kusakinisha". Naandika tena, safari hii kwa kirefu, maana hilo neno "alikubali" ndilo tunalogombania.

Nina steshenari yenye kompyuta mbili na printa moja. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Tarehe 30 Juni nilipakua programu yenu ya kugeuza PDF kuwa Word huku mwalimu mmoja amesimama kaunta akisubiri mtihani wake. Baada ya jibu lenu niliisakinisha upya kwenye kompyuta ya pili, taratibu, nione nilikubali nini. Ukurasa wa tatu una kitufe kikubwa cha kijani cha kuendelea. Chini yake, kwa herufi za kijivu juu ya weupe, kuna visanduku vitatu ambavyo mmeshavitia tiki wenyewe: kubadili injini ya kutafutia, kubadili ukurasa wa mwanzo, na kupokea "ofa za washirika". Ilibidi niongeze mwanga wa skrini ndipo nikavisoma. Aliyekubali hapo ni nani, mimi au nyinyi?

Kuanzia siku ile, kila nikifungua Chrome unakuja ukurasa wa kutafutia nisioujua. Nikibofya popote, kichupo kipya kinafunguka chenyewe: kubeti, simu niliyoshinda bila kushindana, dawa za nguvu za kiume. Bando la wiki likawa linakata siku ya nne.

Hayo ningeyavumilia. Tarehe 4 Julai aliingia mzee mmoja kutoka Bahi, mkulima wa mpunga, na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Walitaka kuomba mkopo wa elimu ya juu. Mzee akatusalimu "Mbukwenyi", akavua kofia, akakaa kwenye benchi. Niliandika jina la bodi ya mikopo kama ninavyoandika kila mwaka. Matokeo ya juu kabisa, yaliyopitia kwenye ukurasa wenu, hayakuwa ya bodi. Mimi nilikuwa nimegeuka kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Binti akabofya la kwanza, akajaza jina lake na namba ya simu ya baba yake. Nilipogeuka, skrini nzima ilikuwa na tangazo la zile dawa, na mzee anaangalia sakafu. Tangu hapo simu yake inapokea ujumbe wa mikopo ya haraka kila siku, naye hunipigia mimi kuniuliza mkopo huo ni wa nani.

Niliiondoa programu yenu kwenye paneli ya kudhibiti. Kompyuta ilipowaka asubuhi, imerudi. Nikaiondoa tena, ikarudi tena. Fundi niliyemwita alikuta mmeacha kazi, yaani amri inayojiendesha yenyewe, ndani ya ratiba ya Windows, inayoipakua upya kila mtu anapoingia kwenye kompyuta. Alikuta pia mmechomeka anwani yenu kwenye njia ya mkato ya Chrome pale juu ya meza, hivyo hata mipangilio ikirekebishwa, ukifungua unarudishwa kwenu. Na Chrome ikawa inaandika kwamba kivinjari changu kinasimamiwa na shirika langu. Shirika gani? Hapa tupo mimi na mdogo wangu. Mwishowe alitumia AdwCleaner, programu ya kuondoa programu za matangazo, ambayo ni ya bure na haikuniletea tangazo hata moja.

Programu inayojificha ili isitolewe inajua kwamba mwenye nyumba haitaki. Kwa hiyo msiniambie nilikubali.

Hoja yenu si ngeni. Baadhi ya kompyuta za Lenovo za mwaka 2014 ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo VisualDiscovery, iliyotengenezwa na kampuni ya Superfish. Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba mtumiaji aliyekifunga tu kidirisha cha taarifa alihesabiwa amekubali. Septemba 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na tume hiyo na majimbo 32, na kulipa dola milioni 3.5. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023.

Ninachotaka ni hiki. Mniambie kwa maandishi ni taarifa gani zilizotoka kwenye kompyuta zangu na mmempa nani, kisha mzifute, na ya kwanza iwe namba ya yule mzee. Mnirudishie shilingi 35,000 nilizomlipa fundi. Za bando nimewasamehe, siwezi kuzithibitisha. Na hivyo visanduku viwe wazi bila tiki, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sitini anaweza kuzisoma. Nasubiri siku 14. Baada ya hapo barua hii naipeleka Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kompyuta ya pili sijaisafisha. Nimeichomoa kwenye intaneti na kuifunika kitambaa, ikiwa na programu yenu na kazi yake ya ratiba kama mlivyoiacha. Mkitaka kutuma mtu aje aione, dukani tunafungua saa mbili asubuhi.

Wenu,
Mmiliki wa steshenari,
Majengo, Dodoma.