Anza kwa kuwaambia alipasuliwa moyo

Mwenzangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, mara ya pili nikakaa. Umeniandikia kwamba shemeji, mumeo, aliyepasuliwa moyo kama wangu, analowesha fulana mbili kwa usiku mmoja, suruali zinamteleza kiunoni, homa inapanda jioni na kushuka alfajiri, na daktari wa tatu sasa amesema ni mawazo tu. Halafu ukamalizia: "Labda kweli ni mawazo, maana vipimo vyote viko safi." Hapo machozi yalinitoka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa mlangoni mwa chumba chetu, namtazama mume wangu akitetemeka chini ya mablanketi mawili.

Wakati ule ulipokuwa ukiniuliza habari zake nilikujibu "anaendelea vizuri," kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza jambo ambalo mwenyewe sikulielewa. Leo nakueleza lote.

Unajua kwamba mume wangu alibadilishiwa vali ya moyo, kile kilango kinachoelekeza damu. Upasuaji ulikwenda vizuri, kovu likafunga, baada ya miezi mitatu akarudi kazini. Tulikaa mwaka mmoja na miezi minne bila neno. Ndiyo maana homa ilipoanza hakuna aliyeufikiria moyo, hata mimi niliyelala sakafuni wodini siku zile. Upasuaji kwetu ulikuwa jambo lililokwisha. Tulipoulizwa hospitalini, "Tatizo lilianza lini?" tulijibu, "Mwezi uliopita," na wao wakatafuta chanzo cha mwezi uliopita. Jibu lilikuwa la kweli, lakini liliwapeleka watu wote njia isiyo yake.

Alipimwa makohozi ya TB, hakuna kitu. Damu ikaoteshwa maabara siku tano ili kuona kama ina bakteria, haikuota chochote. Akapewa dawa za kuua bakteria wiki mbili, homa ikabaki palepale. Kisha vikaanza kuonekana vitu vidogovidogo ambavyo kila kimoja kilikuwa na daktari wake: chembe za kugandisha damu zimepungua, ini linalalamika, figo zimechoka kidogo, wengu umevimba. Wakanyofoa kinyama cha ini, wakakuta vinundu, wakasema ni sakoidosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hujenga vinundu kama hivyo. Wakampa steroidi.

Wiki mbili za mwanzo alikula, akacheka, akapanda ngazi bila kupumzika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wiki ya sita alikuwa hawezi kujifunga viatu. Steroidi hushusha kinga, na yeye alichokuwa nacho ndani kilihitaji kinga hiyohiyo ili kizuiliwe. Lakini hilo tulilijua baadaye sana.

Aliyetufungulia mlango alikuwa daktari wa macho. Mume wangu alianza kuona vivuli kwenye jicho la kushoto, tukaenda tukidhani ni miwani. Yule mama akamtia matone, akasubiri mboni zipanuke, akainama na taa yake akatazama muda mrefu bila kusema kitu. Akahamia jicho la pili. Kisha akauliza, "Baba, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote mkubwa?" Mume wangu hakujibu kwa mdomo. Alifungua vifungo viwili vya shati. Daktari alilitazama lile kovu, akaweka kalamu mezani, akauliza tena: "Mwaka gani?"

Nyuma ya macho yote mawili kulikuwa na madoa mengi ya rangi ya njano iliyofifia. Alikuwa amewahi kusoma kuhusu madoa ya namna hiyo kwa watu waliopasuliwa moyo. Akaandika barua ya mistari minne kwenda kwa daktari wa magonjwa ya maambukizi. Nakala yake ninayo mpaka leo.

Sasa sikiliza vizuri, na kama unaweza msomee shemeji pia.

Mtu anapofunguliwa kifua na moyo kusimamishwa, mashine ya moyo na mapafu hufanya kazi badala yake. Pembeni ya mashine hiyo huwa kuna nyingine yenye matangi ya maji, kazi yake kupoza na kupasha damu joto. Maji yale hayagusi damu ya mgonjwa. Lakini ndani yake bakteria wanaweza kuota, na feni ya mashine ikawapuliza hewani pamoja na vitone vya maji vidogo visivyoonekana, wakatua kwenye kifua kilicho wazi au kwenye vali mpya kabla haijashonwa. Anayehusika zaidi anaitwa Mycobacterium chimaera. Ni ndugu wa mbali wa wadudu wa kifua kikuu na ukoma, lakini haambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo usiogope kwa ajili ya watoto.

Madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika kuhusu wagonjwa wawili wa kwanza mwaka 2013, na uchunguzi uliofuata ukawafikisha kwenye maji ya mashine hizo. Oktoba 2016 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kiliwaonya wagonjwa na hospitali. Mwaka 2017 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya bakteria kutoka kwa wagonjwa na mashine za nchi mbalimbali, wakakuta wengi wanafanana kiasi cha kuonyesha kwamba mashine zilichafuliwa tangu kiwandani. Nilipoyasoma hayo, dada, nilikaa na karatasi mapajani mpaka giza likaingia. Kumbe tulikuwa tunatafuta kosa letu, kitu alichokula, mahali alipokwenda, na kosa halikuwa letu.

Ugumu wake ni kwamba bakteria huyu ana subira. Anaweza kukaa miezi, hata miaka kadhaa, kabla mtu hajaumwa. Kuoteshwa siku tano hakumwonyeshi. Anahitaji chupa maalumu za damu na kusubiri wiki sita hadi nane. Kipimo cha TB hakimkamati. Eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti inayopigwa juu ya kifua, inaweza kutoka safi kabisa, kama ilivyotoka kwa mume wangu. Kwa hiyo ukiambiwa vipimo ni safi, uliza kwa upole: vipimo gani, na vinatafuta nini? Usafi wa kipimo unahusu kile tu kilichotafutwa.

Sitaki nikutie hofu isiyo ya lazima. Hata katika hospitali ambazo mgonjwa mmoja aliwahi kupatikana, kile kituo cha Marekani kilikadiria hatari kuwa kati ya mtu 1 kwa 100 na mtu 1 kwa 1,000. Huenda shemeji ana jambo jingine. Yako maambukizi ya vali yanayoletwa na bakteria wa kawaida, ambayo huenda yakafichwa na dawa alizopewa kabla damu haijachukuliwa. Upo uvimbe wa mfuko unaofunika moyo, ingawa huo mara nyingi hujitokeza wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na maumivu yake hupungua mtu akiinama mbele. Yako na mengine yasiyohusu moyo kabisa. Lakini mtu mwenye vali bandia, mwenye homa isiyoelezeka, anayekonda na kutokwa jasho usiku, hastahili kuambiwa ni mawazo kabla moyo wake haujatafutwa kwa dhati.

Kwa hiyo nakuomba hili kuliko yote: kokote mtakakokwenda, iwe kwa daktari wa ini, wa macho, wa mgongo, au kwa nesi wa zamu anayechukua maelezo saa nane usiku, neno lenu la kwanza liwe: "Alipasuliwa moyo, mwezi fulani, mwaka fulani, akawekewa vali." Ndipo mseme homa. Nenda pale alipopasuliwa uombe nakala ya ripoti ya upasuaji, inayosema walitumia mashine ya moyo na mapafu au la, na waliweka nini. Mwombe daktari amwandikie kwenda kwa mtaalamu wa magonjwa ya maambukizi. Omba damu ioteshwe kwa ajili ya jamii hii ya bakteria, na macho yatazamwe kwa ndani. Kama wamekwisha kukata kinyama popote, uliza kama kimehifadhiwa, maana kinaweza kupimwa upya. Na wakitaka kumwanzishia steroidi au dawa nyingine ya bakteria, waombe kwanza wachukue damu ya kuotesha, zaidi ya mara moja.

Akipatwa ghafla na kukosa pumzi, kulegea upande mmoja wa mwili, au kuchanganyikiwa, usingoje miadi. Mpeleke saa hiyohiyo.

Jambo jingine lililotusaidia ni daftari. Nilianza kuandika kwa kukata tamaa tu, ili nisionekane mwendawazimu. Joto saa mbili asubuhi, joto saa moja jioni, uzito kila Jumamosi, idadi ya fulana. Yule daktari wa maambukizi alilipitishia kidole ukurasa kwa ukurasa, akasimama palipoandikwa "fulana 3, joto 38.9," siku kumi na moja mfululizo. Hakuna aliyetamka tena neno mawazo.

Majibu ya damu yalichukua wiki saba. Siku ya kupigiwa simu nilikuwa nakunja nguo. Kati ya homa ya kwanza na simu hiyo ilipita miezi kumi na minne.

Matibabu ni marefu na sitakudanganya. Dawa tatu au nne kwa pamoja, mwaka mmoja na zaidi, na kwake ikabidi vali itolewe na iwekwe nyingine. Dawa moja iligeuza mkojo wake, jasho, hata machozi, kuwa rangi ya chungwa. Mara ya kwanza tuliogopa sana, hakuna aliyekuwa ametuonya. Sindano nyingine ilimpunguzia usikivu wa sikio la kulia, na haujarudi. Wengi wamekufa kwa ugonjwa huu, karibu nusu ya waliogundulika katika taarifa za mwanzo. Wangu yupo. Asubuhi hii alinyanyua ndoo ya maji akaipeleka bafuni bila kuniita, nikajifanya sioni.

Najua umechoka. Najua pia unavyoona aibu kumbishia daktari, na wala sikuambii ubishe. Wale madaktari wa kwanza hawakutudharau. Walikuwa wanajibu swali tulilowapa. Mpe anayefuata swali lililokamilika.

Jumapili jioni nitakupigia. Ukiwa na ile ripoti ya upasuaji tuisome pamoja. Kama bado, tupange nani wa kuifuata. Nakutumia pia daftari jipya. Mistari nimeipiga mwenyewe kwa rula: tarehe, joto la asubuhi, joto la jioni, uzito, fulana. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeacha nafasi uandike siku aliyopasuliwa. Iandike kwa herufi kubwa.

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi mwenzako