Risala ya Kikundi cha Watu Wenye Ulemavu kwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, 3 Desemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wazee wetu, ndugu wananchi, kwa salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu katika siku hii, ambayo mvua za kwanza zimeanza na kila mwenye jembe anatamani kuwa shambani. Kwa kawaida risala husomwa na katibu, lakini katibu wetu ni kiziwi, nami mweka hazina sioni. Kwa hiyo yeye ameandika kwa kalamu, nami naisoma kwa vidole katika nakala ya nukta nundu. Ndivyo tunavyofanya kazi hata siku za kawaida. Yeye hujaza kaunta buku, mimi hushika fedha: noti ya elfu kumi naiacha imenyooka, ya elfu tano naikunja mara moja, ya elfu mbili mara mbili, na hadi leo hesabu zetu mbili hazijapishana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kina wanachama 11, wenye ulemavu wa viungo, viziwi, wasioona na wenye ualbino. Tunanunua alizeti kwa wakulima wa vijiji jirani, tunaikamua kwa mashine ya kukodi, mafuta tunayauza kwa madumu na mashudu tunawauzia wafugaji.

Mtaji wetu ulitokana na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yasiyolindwa (yasiyotengewa matumizi maalumu), yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliingizwa mwaka 2018 katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ukasimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, kisha ukarudi mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Kwa lugha ya sokoni, halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1 ya mapato hayo, shilingi milioni 20 ni za watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Tunaishukuru Serikali kwa dhati.

Hata hivyo, tungekuwa tunakudanganya kama tungekusomea shukrani peke yake, kwa sababu fedha hizo zilitufikia kabla hatujazielewa.

Mkopo wetu ulikuwa shilingi 5,000,000. Siku ya mafunzo tulikaa ukumbini kwa muda wa saa nne, mwezeshaji akaeleza vizuri masharti, mkataba na udhamini wa pamoja, lakini hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Katibu wetu aliona watu wakitikisa kichwa, naye akatikisa. Fomu zilikuwa za maandishi ya kawaida. Mimi nilisomewa haraka na kijana wa steshenari aliyekuwa na foleni ya wateja, kisha nikashikwa kidole kikawekwa kwenye wino. Baadhi yetu tulikuwa tumezoea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini, ambayo mlengwa hadaiwi, tukachukulia kwamba fedha zote za Serikali ni za namna hiyo. Basi fedha zilipoingia kwenye akaunti tuligawana shilingi 100,000 kila mmoja, jumla shilingi 1,100,000, na zilizobaki ndizo tukanunulia alizeti. Mheshimiwa, hakuna aliyeiba. Tuligawana mchana, kwa furaha, na muhtasari wa kikao upo.

Barua ya kukumbushia marejesho ndiyo iliyotufundisha. Tuliitana, tukasomeana mkataba kifungu kwa kifungu, mmoja wetu akimtafsiria katibu kwa ishara za nyumbani, na ilipofikia neno "kudaiwa" katibu alilia. Yeye alikuwa amenunua mbuzi jike. Kesho yake alimleta kikaoni kwa kamba, akamfunga kwenye mguu wa benchi. Wengine walirudisha kwa vibarua na kwa kuuza kuku, mpaka shilingi 1,100,000 ikatimia. Hadi mwisho wa Novemba tumerejesha shilingi 3,000,000, na zilizobaki zinalipwa shilingi 500,000 kila mwezi.

Jambo la pili ni majira, na hili wanaopanga ratiba wanaweza wasilione wakiwa mbali na shamba. Fedha zilitufikia Machi, alizeti ya msimu uliopita ikiwa imeadimika na bei imepanda, na ile mpya bado ipo shambani. Marejesho yakaanza Juni, mwezi ambao mkulima wa Dodoma anavuna na kuuza kwa bei nafuu, yaani mwezi wa kununua na kuweka ghalani. Tukawa tunatoa fedha wakati wa kuingiza. Kikundi cha ushonaji huenda kisiumizwe na hilo; sisi linatuumiza.

Kwa hayo, mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kila mafunzo ya mikopo hii yawe na mkalimani wa lugha ya alama, na mkataba utolewe pia kwa nukta nundu au usomwe taratibu kabla mtu hajaweka dole gumba. Tunaomba afisa maendeleo ya jamii wa kata apangiwe siku ya kutusaidia kuomba mkopo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wezesha, maana simu zetu nyingi ni za vitochi. Tunaomba vikundi vya mazao vipewe fedha kufikia Mei na marejesho yaanze Septemba. Na ofisi ya kushughulikia maombi iwe ya chini; mwenzetu wa kiti mwendo alibebwa mgongoni ngazi mbili kwenda kusaini, na kushuka.

Mbuzi wa katibu hakuuzwa. Amezaa, na kikao kimeazimia mtoto wake akiuzwa fedha ziingie kwenye rejesho la Januari. Kaunta buku lipo mezani, mheshimiwa, tunakuomba ulikague kabla hujasimama kuhutubia.

Naomba kuwasilisha.