Steringi naye ajaze PF3

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za wino kubaki vidoleni, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Mlipoufuta ukurasa wa mashairi mkaweka wa kubashiri mechi, nilinyamaza. Lakini ile makala ya Jumapili ya kuwasifu masteringi wa filamu za mapigano, yenye picha nusu ukurasa ya bwana kifua wazi, damu inamchuruzika begani naye anatabasamu, imenishinda. Mwandishi wako anadai watu hawa wanawafundisha vijana wetu kuvumilia maumivu. Mimi nimekuwa muuguzi mpaka kustaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kitengo cha dharura. Naomba nimsimulie hayo maumivu.

Tuanze na bega, maana ndilo linalopendwa. Steringi akipigwa risasi ni begani, kana kwamba pale Mungu alijaza pamba. Chini ya mtulinga unapita mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi, pamoja na fungu la neva zinazouendesha mkono mzima. Risasi ikikata hapo, mgonjwa anaweza kuishiwa damu kabla hajapata gari, na anayepona anaweza kubaki na mkono usioweza hata kufunga kifungo cha shati. Steringi yeye anachana fulana, anajifunga, halafu anapanda ukuta kwa mkono uleule. Na ile tabia ya kuchokonoa risasi kwa kisu na kumwagia pombe! Risasi nyingi madaktari huziacha zilipo, kwa sababu kuzitafuta kunaharibu zaidi kuliko kuziacha. Kwenye Rambo ya tatu, ya mwaka 1988, Sylvester Stallone alijimwagia baruti kwenye kidonda cha ubavuni akaiwasha, na watu wazima kwenye banda la video mtaani kwetu wakashangilia. Yaani kidonda cha kuungua juu ya kidonda cha kuchomwa, na sindano ya pepopunda hakuna. Mwaka huohuo, kwenye Die Hard, Bruce Willis alikanyaga vioo pekupeku, lakini yeye walau alikaa bafuni akavichomoa kimoja kimoja, uso umemsawijika. Huyo nampa heshima yake.

Tena huyo Rambo hakuzaliwa hivyo. Katika riwaya ya David Morrell ya 1972 iliyomleta duniani, anakufa. Walipotengeneza filamu ya 1982 walishapiga hata picha za kifo chake, kisha wakabadili mawazo. Maiti hauzi tiketi za sehemu ya pili.

Lakini bega ni dogo. Kichwa ndicho kinachonitia hasira. Katika filamu hizi mtu anagongwa kisogoni kwa kitako cha bunduki, anazimia, anazinduka baada ya saa kadhaa amefungwa kwenye kiti, na neno la kwanza linalomtoka ni utani. Kijana wa jirani yangu, mwendesha bodaboda, alianguka karibu na stendi bila helmeti, akapoteza fahamu. Alipozinduka wenzake walimpigia makofi. "Steringi hafi bwana!" Wakamnunulia soda. Mama yake akamsihi aende hospitali, akajibu yuko fiti, akaenda zake kuangalia mpira. Usiku nikaja kugongewa mlango. Nikamkuta anatapika, maneno hayashikani, na nilipommulika kwa tochi ya simu mboni moja ilikuwa imetanuka na haijali mwanga kabisa. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo haihitaji maelezo: damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo. Ule muda wa kuamka, kutania na kunywa soda ndio mtego wenyewe, maana mtu anaonekana mzima huku damu inaendelea kujaa. Tulimkimbiza kwa gari la kuazima, akapewa rufaa, akatobolewa fuvu usiku uleule. Yu hai, namshukuru Mungu. Lakini mkono wa kulia unatetemeka, akianza sentensi ndefu anapotelea katikati, na pikipiki imeuzwa kulipa deni. Wale waliomwita steringi walikuja kumtazama mara moja, wakapiga naye picha, wakaondoka. Sasa mwandishi wako aniambie, katika somo hilo la uvumilivu, kijana huyu amefaulu au amefeli?

Najua mtanijibu, "Mama, ni filamu tu, kila mtu anajua." Wanaojua vizuri ni wenyewe waigizaji. Mwaka 2017, akipiga filamu ya Mission: Impossible, Tom Cruise aliruka kati ya mapaa mawili huko London, akavunjika kifundo cha mguu, na kazi nzima ikasimama kwa wiki kadhaa. Kifundo kimoja tu! Na picha ya kuvunjika kwake wameiacha ndani ya filamu: ananyanyuka, anachechemea, anaendelea kumfukuza adui. Wiki za kuuguza hazikuonyeshwa. Wanaoanguka kila siku kwa niaba ya masteringi ndio hao wasiotajwa. Tuzo za Oscar zimeamua mwaka 2025 tu kwamba na wao watafikiriwa, kuanzia filamu za 2027. Mbona hao hamkuwaandikia nusu ukurasa? Na masteringi wenyewe? Gazeti la Marekani la Wall Street Journal liliripoti mwaka 2019 kwamba Jason Statham alikuwa anakubaliana na studio kiasi cha kipigo anachoruhusiwa kupata kwenye filamu. Kumbe ngumi zina mkataba! Kijana wa jirani yangu hakusaini chochote na lami.

Na hapo ndipo mabasi yanaponikera. Nani alipitisha sheria kwamba abiria wa mikoani asikilize milio ya bunduki tangu Mbezi mpaka Mbeya? Safari iliyopita tulitokea Iringa, tunashuka Kitonga, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo, malori yamejipanga mbele, na kondakta hakuona cha kutuwekea isipokuwa filamu ya saba ya Fast & Furious, ya 2015, tena pale pale ambapo basi linaning'inia ukingoni mwa jabali na Paul Walker anakimbia juu yake huku linaporomoka. Ndani ya basi! Kitonga! Mama wa kiti cha mbele yangu alimfunika mtoto macho kwa kanga. Nikamwomba kondakta azime. Akasema, "Bibi, hiyo muvi tu, tulia." Nikamwomba basi apunguze sauti. Akasema rimoti imepotea. Dereva naye, kona ya tatu, akalipita lori la mafuta. Mamlaka zinazokagua mabasi zinahesabu mikanda na kupima mwendo, lakini hakuna anayeuliza rimoti iko wapi.

Sisemi filamu zipigwe marufuku, hata mimi napenda kuona jengo likilipuka. Pendekezo langu ni hili. Kila mnapoipa filamu nyota, chini yake wekeni kisanduku kidogo: steringi ameshonwa nyuzi ngapi, ameongezewa chupa ngapi za damu, angelazwa wodini kwa muda gani, angekwenda mazoezi ya viungo mara ngapi kwa wiki, na kituo gani cha polisi kimemwandikia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kupelekea hospitali, maana kwa majeraha yale hakuna mapokezi yatakayoacha kumuuliza. Kama hana bima, wekeni na jumla ya bili. Mimi niko tayari kuwajazia kisanduku hicho bila malipo. Nitumieni tu nauli ya kuja ofisini kwenu, ya basi lisilo na televisheni, mkilipata.

Muuguzi mstaafu,
Iringa