Yah: Malalamiko kuhusu jakuzi mlilolifunga juu ya baraza langu la mbao

Mteja wenu,
Bagamoyo.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Za kwangu zimesimama.

Sitaeleza tulivyouziana. Mkataba mnao, na kipengele cha ukaguzi kabla ya kufunga mlikiandika wenyewe. Naingia moja kwa moja kwenye Jumamosi.

Saa kumi jioni, maji yakiwa yamepita nusu, baraza lilitoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Wageni wangu walikuwa mezani wanakunywa chai. Nilishuka ngazi nikachungulia chini: mbao za kubebea zimebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo mbichi. Pale zinapokutana na ukuta, misumari ya inchi nne ilikuwa inachomoka. Niliingiza kidole cha shahada kwenye pengo, kikazama hadi kiungo cha kwanza. Nikamkimbilia msimamizi wenu, alikuwa bado getini anapakia vifaa.

Alirudi. Hakuinama kuangalia. Alipanda barazani na mabuti yake, akaruka mara tatu, akaniambia mbele ya wageni: "Mama, usiogope. Maji hayana uzito, ni maji tu."

Ndugu Meneja, mimi nimebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu darasa la tatu. Lita moja ni kilo moja. Hilo shingo yangu ililijua kabla ya mwalimu kunifundisha. Jakuzi lenu linameza lita 1,350, yaani ndoo sitini na saba na nusu. Lenyewe tupu ni kilo 340, mmeandika kwenye karatasi yenu. Wapandishe watu sita, kama vinavyojivunia vipeperushi vyenu, inapita tani mbili. Hiyo ni Noah iliyojaza abiria, mmeiegesha kwenye eneo la mita mbili kwa mbili, juu ya mbao za inchi mbili kwa sita zilizopachikwa kwa misumari. Kila mita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 500. Mwanangu anasomea ujenzi, na ameniambia mabaraza ya mbao ya majumbani kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kama kilo 200. Mimi lile nililijenga kwa ajili ya meza nne na viti. Sikuwaficha.

Tena niliwauliza! Wiki tatu kabla, mkaguzi wenu alipokuja, nilimuuliza waziwazi kama mbao zitahimili. Nilimlipa shilingi 150,000 za ukaguzi na risiti ninayo. Alikagua akiwa amesimama kwenye ngazi, dafu mkononi. Hakuuliza mbao zimeachana kiasi gani, hakuuliza nguzo zimesimama juu ya nini, hakuangalia kama ukutani pana bolti au misumari ambayo chumvi ya bahari imeshaila. Akaandika "inafaa", akamalizia dafu lake. (Dafu nalo lilikuwa langu.) Jirani yangu fundi wa majahazi alipiga magoti chini ya baraza Jumapili asubuhi, hata dakika mbili hazikufika, akatoka anatikisa kichwa. Hakunidai senti.

Narudi kwenye Jumamosi, maana sikuimaliza. Kabla ya kuruka, msimamizi wenu alitazama nyuma yangu, ndani ya nyumba, akauliza: "Baba hayupo niongee naye?" Baba wa nyumba hii ni mimi, nikamjibu hivyo. Akacheka. Ndipo akaruka, mara tatu, na ndipo akasema maji hayana uzito. Lakini, Ndugu Meneja, niliona aliporukia. Hakurukia katikati, karibu na jakuzi. Alirukia pembeni, juu ya nguzo, penye usalama. Kumbe alijua! Bibi mmoja mgeni wangu aliweka kikombe chini, akamshika mjukuu wake mkono wakateremka ngazi polepole. Usiku ule ule wakahama. Niliwarudishia pesa za siku mbili, na sikuwa na uso wa kuwaaga.

Jumatatu nilipiga simu ofisini kwenu mara nne. Mara zote, "tutakupigia".

Nilipoanza kuandika nilikusudia jambo moja tu: mje mlishushe jakuzi, mmwage zege ardhini kwa gharama yenu, mlikalishe hapo, yaishe. Sasa sitaki zege lenu. Nataka fedha zangu zote za jakuzi na ufungaji, 150,000 ya ukaguzi ambao haukufanyika, gharama ya kurekebisha baraza, na pesa za wageni waliohama. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye saini yako wewe, si ya karani, na ndani yake iandikwe kwamba maji yana uzito.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nikikumbuka kile kicheko, nawapa 7. Ya nane itanikuta Tume ya Ushindani na risiti zangu, picha za misumari na ile karatasi ya "inafaa". Kutoka hapo nitakwenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nikaulize kama mnatambulika huko. Mahakama nayo si mbali na kwangu.

Jakuzi nimelitoa maji mwenyewe, kwa mpira, usiku, taa ya simu mdomoni. Limekaa pale pale, chini yake tumekita mirunda sita. Mkija kulichukua leteni watu wa kutosha, na yule msimamizi asiwemo.

Wako,
Mwenye nyumba.

Nakala: Tume ya Ushindani, Bodi ya Usajili wa Makandarasi (zimeshachapwa, bado ziko mezani kwangu).