Tusiikimbie ile barabara ya baharini

Shosti wangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nishapanda kitandani, usingizi ukakata palepale. Eti tutoke Melbourne alfajiri, tuimalize Great Ocean Road yote, usiku tuwe tumerudi! Hapana jamani. Nakuomba tufanye siku tatu, nisikilize kwanza ndo uamue.

Ile barabara ni kilomita 243, kutoka Torquay mpaka Allansford karibu na Warrnambool, na sehemu kubwa ni kona juu ya kona, mwamba huku bahari kule, sio njia ya kukanyaga mafuta. Unaikumbuka ile safari yetu ya basi la watalii, dakika kumi kila kituo na honi juu, mpaka leo picha zako zote ni migongo ya watu? Sitaki tena. Tukodi gari tupokezane usukani, na tuanzie Torquay kuelekea magharibi, tusigeuze, kwa sababu Australia wanaendesha kushoto na ukielekea huko bahari inakuwa kushoto kwako, kwa hiyo ukiona pazuri unachepuka tu, huna haja ya kukatiza mbele ya magari yanayokuja.

Halafu kumbe barabara yenyewe ndo kumbukumbu! Wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kama 3,000 hivi, ndo walioichimba kuanzia 1919 mpaka 1932, kwa sururu na koleo na baruti, kwa ajili ya wenzao waliofia vitani. Hebu fikiria, mtu ametoka kwenye mahandaki, anarudi kwao anashika sururu tena, anakata mwamba juu ya bahari kwa ajili ya rafiki ambaye hakurudi. Pale Eastern View kuna tao juu ya barabara, wengi wanapita chini yake bila hata kupunguza mwendo, mi nataka tushuke tusimame pale kidogo.

Usiku wa kwanza tulale Apollo Bay na tujaze tanki hapohapo, maana mbele vituo vya mafuta ni vya kuhesabu na barabara inaiacha bahari inaingia msitu wa Otway. Maits Rest kuna njia fupi ya kutembea kwa miguu, miti mikubwa imeota kuvumwani mpaka kwenye mizizi, tusiiruke. Ukiona mikaratusi we angalia kwenye panda za matawi, koala anajikunja pale kama furushi la kijivu, unaweza kumpita mara tatu hujamwona. Mnara wa taa wa Cape Otway nao ni wa 1848, na kwa meli nyingi zilizotoka Ulaya ile taa ndo ilikuwa dalili ya kwanza ya nchi kavu baada ya miezi baharini.

Sio zote zilizofika lakini. Mwaka 1878 meli ya Loch Ard ilipasuka kwenye miamba huko mbele, watu 54, wakapona wawili tu, kijana Tom Pearce na msichana Eva Carmichael. Tom alishafika ufukweni, akasikia sauti ya Eva majini, akarudi kuogelea kumfuata, halafu akapanda ule ukuta wa mwamba kutafuta msaada. Eva alipoteza wazazi na ndugu aliosafiri nao. Na kwenye mzigo wa meli hiyohiyo tausi mkubwa wa kauri alifika nchi kavu mzima ndani ya kasha lake, sasa yuko makumbusho ya Flagstaff Hill, Warrnambool. Nataka nimuone kwa macho yangu.

Twelve Apostles, ile miamba mirefu iliyosimama baharini, tuende jua likizama, tulale Port Campbell, asubuhi turudi tena. Ile miamba ni chokaa, mawimbi yanaila kila siku, mmoja ulianguka Julai 2005 na daraja la asili la London Bridge lilikatika 1990 likaacha watu wawili upande wa pili mpaka helikopta ikawachukua. Kwa hiyo habari ya kuvuka uzio kwa ajili ya picha usiniletee, nakujua.

Siku ya tatu tuvuke Warrnambool twende Budj Bim, UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia 2019. Watu wa Gunditjmara, wenyeji wa asili wa huko, walichimba mifereji kwenye mawe ya volkeno wakafuga mikunga, miaka kama 6,600 iliyopita, na wenyewe bado wapo na wanaielezea kwa mdomo wao. Mi nikiambiwa nichague kituo kimoja tu kwenye njia nzima nachagua hicho.

Nijibu basi kama ruhusa ya siku tatu utapata kazini. Na kama unaweza kuisogeza iwe Agosti isogeze, maana kuanzia Juni mpaka Septemba nyangumi wanakuja kuzaa pale Logans Beach, Warrnambool, unawaona umesimama ufukweni tu. Nikishapata tarehe natafuta vyumba siku hiyohiyo.

Wako,
shosti wako wa siku zote