Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Familia za Waraibu wa Heroini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya vikao na usajili yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote mwaka huu: utoto wa vijana wetu.

Anayekuja kwetu kwa mara ya kwanza huulizwa alianza unga, yaani heroini, lini, anavuta au anajidunga, anatumia kete (vipakiti vidogo vya unga) ngapi kwa siku. Mwaka huu tuliagiza mazungumzo yaanzie nyuma zaidi, kwa aliyeridhia, akiwa na mshauri nasaha. Tuliyoyasikia ni mazito. Mama mmoja ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Mwanawe alipokuwa darasa la tatu alirudia kukojoa kitandani, akawa hataki kubaki nyumbani na ndugu fulani. Akachapwa kwa kukojoa. Baadaye alihamia kulala stendi, na huko ndiko alikoonjeshwa unga. Kijana mwenyewe anasema siku ile ndipo alipopata usingizi bila kushtukashtuka.

Wataalamu wameliona hili kwa muda mrefu. Madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani waliongoza utafiti ulioanza San Diego mwaka 1995, wakawauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu vipigo, ukatili wa kingono, kutelekezwa na ulevi nyumbani walipokuwa wadogo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliopitia madhila ya aina tano au zaidi walikuwa na uwezekano mara 7 hadi 10 zaidi wa kupata matatizo ya dawa za kulevya kuliko wasiopitia hata moja. Heroini ina mvuto wake wa pekee hapa. Ubongo hutengeneza vituliza maumivu vyake wenyewe, navyo huhusika pia na ile faraja anayoipata mtoto akibembelezwa. Unga hupita mlango huohuo.

Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakugusa unga maishani, na wapo waraibu waliolelewa vizuri kabisa. Nalisema hili kwa sababu baadhi ya wazazi waliacha kuja vikaoni wakidhani wataitwa washtakiwa. Warudi. Hakuna anayeshtakiwa hapa.

Methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, imeokoa watoto wetu wengi. Wanaowasindikiza wanalijua lile dirisha: kijana anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anasemeshwa ili ihakikishwe amemeza. Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, inaondoka. Lakini vijana kadhaa wametuambia kwamba mwili ukishatulia ndipo ya utotoni yanaporudi usiku, na kwa maoni yangu huo ndio wakati wengi wanapotutoroka na kurudi maskani, kwenye vijiwe vya unga. Kikombe kile kinahitaji kufuatwa na mtu wa kuongea naye, kwa miezi, si kwa kikao kimoja.

Kwa hiyo kamati inaleta maombi mawili. Kwanza, mkutano uidhinishe posho ya mshauri nasaha mwenye uzoefu wa watu waliofanyiwa ukatili, afike kila wiki. Pili, kila mwanachama awatazame wadogo waliobaki nyumbani, maana wajukuu wetu wengi wanaishi na mzazi aliyemo kwenye unga. Ukiona dalili, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Tusimalizane kifamilia.

Ombi la kwanza linahitaji kura. Katibu atagawa karatasi baada ya taarifa ya mweka hazina.